Hawazikani: Maisha ya Unguja kabla ya Mapinduzi

MSOMAJI, hebu fikiri kidogo. Jirani yako amefariki. Mmeishi ukuta kwa ukuta miaka ishirini, watoto wenu wamesoma chuo kimoja kwa maalimu mmoja, na mkeo alipojifungua ni mke wa huyo marehemu aliyemchemshia maji. Leo jeneza limeletwa kutoka msikitini, watu wanaingia na kutoka, nawe umejifungia ndani kwako. Huendi kuzika. Si mgonjwa, wala huna safari. Sababu yako ni moja tu: marehemu alikuwa wa chama kile kingine.

Kiswahili kina neno kwa watu waliofika hapo. Husemwa hawazikani. Kwa mtu wa pwani ugomvi wa maneno husuluhishwa na deni hulipwa, lakini mtu asiyekuja kukuzikia amekwisha kukutoa katika hesabu ya watu wake. Na hayo ndiyo yaliyotendeka Unguja, na kwa kiasi fulani Pemba, kati ya 1957 na 1963, miaka ambayo wenyeji wa visiwa hivyo waliiita zama za siasa.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 husimuliwa sana kwa habari za bunduki: boma la polisi la Ziwani lililovamiwa usiku, sauti ya John Okello redioni, Sultani akikimbilia melini. Leo nataka nikurudishe nyuma kidogo, madukani, ndani ya mabasi, shambani chini ya mikarafuu na kwenye baraza za kahawa. Nadhani nchi ile ilivunjikia huko kwanza, na bunduki zilikuja kumalizia.

Mji wenye pande mbili

Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya kasri, lakini kauli ya mwisho ilikuwa ya Mwingereza. Sultani mwenyewe, Khalifa bin Harub, alitawala tangu 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960. Watu walizaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, naye yuko pale pale. Hata baadhi ya walioukataa usultani walimheshimu yeye kama mzee.

Sensa ya 1958 ilihesabu watu wapatao 299,000 katika visiwa vyote viwili. Karibu wote walikuwa Waislamu na wote walizungumza Kiswahili. Tena si Kiswahili cha kubabaisha: Kiswahili sanifu unachofundishwa darasani, mwanafunzi, kilijengwa juu ya lafudhi ya Kiunguja. Walikula wali wa nazi ule ule, walishangilia Idi moja, na Mzungu akiwatazama kutoka mbali asingeweza kusema nani ni nani.

Lakini ukishuka bandarini na kutembea kidogo ungeona mipaka. Mji Mkongwe ulikuwa na majumba ya mawe na milango ya nakshi, ya Waarabu wenye mashamba na wafanyabiashara wa Kihindi. Ukivuka Darajani ulikuwa Ng'ambo, penye nyumba za udongo na makuti, makao ya makuli wa bandari, vibarua, wavuvi, mafundi na madobi. Mpaka huo ulivuja, nisikudanganye. Ng'ambo kulikuwa na Waarabu maskini na Wahindi wenye vijiduka vya kupimia mafuta ya taa, na jioni pande zote mbili zilikutana. Walikwenda kupunga upepo Forodhani, katika bustani iliyotengenezwa kwa jubilii ya Sultani. Walikwenda sinema, Majestic au Empire au Sultana, wakaliana machozi mbele ya filamu za Kihindi ambazo lugha yake wengi hawakuijua. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilikuwa imeundwa tangu 1905. Na barazani alipita Mshihiri na buli lake la kahawa, akigonga vikombe.

Swali la asili lilikuwa gumu zaidi ya linavyosimuliwa leo. Sensa ya 1924 ilipata watu zaidi ya 30,000 waliojiita Waswahili. Sensa ya 1931, miaka saba tu baadaye, ilipata kama 2,000. Je, tauni iliwapitia Waswahili? Hata kidogo. Watu walikuwa wale wale ila majina yalibadilika: wengi walianza kujiita Washirazi, wengine wakajiandikisha kwa majina mengine. Walibadilika kwa sababu serikali ya kikoloni ilipanga mambo kwa kufuata asili ya mtu, mpaka mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu akijua kwamba jina fulani lina sahani kubwa zaidi, atalitafuta jina hilo, na mimi simlaumu.

Chini ya mikarafuu

Utajiri wa nchi ulikuwa karafuu, na Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa. Kazi yake ni ya subira. Mchumaji hupanda mtini, akavuta matawi kwa kigoe, akakata vishada kabla maua hayajafunguka. Jioni familia nzima huketi chini kuzitenga karafuu na makonyo yake, zikapimwa kwa pishi, kisha zikaanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa. Wingu likitanda, watoto hupigiwa kelele wakimbie kuanua.

Sasa, ni nani alikaa juu ya ardhi hiyo? Unguja, katika mashamba makubwa ya Waarabu, waliishi watu ambao hapa Kenya tungewaita maskwota. Wengi asili yao ilikuwa bara. Mapatano hayakuandikwa popote. Mwenye shamba alikuruhusu ujenge kibanda, ulime mihogo, ndizi na viazi vitamu katikati ya miti yake. Kodi hukulipa. Wewe ulipalilia, na msimu ukifika ulichuma kwa ujira. Sharti lilikuwa moja: usipande mti wa kudumu, mnazi wala mkarafuu, kwa kuwa mwenye mti huwa na neno juu ya ardhi. Mtu aliweza kukaa hivyo miaka na miaka, akazaa na kujukuu, bila kumiliki kitu kisichong'oka kwa jembe.

Mwenye shamba naye mara nyingi hakuwa yule tajiri wa hadithi. Wengi walikuwa na madeni shingoni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mavuno ya mwaka huu yalikwenda kulipia harusi ya mwaka juzi. Tena walikuwapo Waarabu wasio na hata mkarafuu mmoja. Hao ni Wamanga, waliokuja kutoka Oman kwa majahazi ya kaskazi, wakafungua vijiduka huko shambani, wakauza sukari, mchele, papa mkavu na mafuta ya taa, mara nyingi kwa mkopo. Mmanga alilala dukani mwake. Kijijini huenda yeye ndiye Mwarabu pekee uliyemwona kila siku. Mkumbuke huyu, maana tutarudi kwake.

Malalamiko yalikuwapo zamani. Agosti 1948 makuli wa bandari waligoma kwa sababu ya ugumu wa maisha, na mgomo ukasambaa hadi kwa vibarua wa mji mzima. Wanaosoma riwaya watakumbuka kwamba Adam Shafi aliutumia mgomo huo katika kitabu chake Kuli. Halafu Julai 1951 ikaja ile iitwayo vita vya ng'ombe. Wakulima wa Kiembe Samaki walikuwa wamechukuliwa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, kisha wakaamriwa kupeleka ng'ombe wao kuchanjwa kimeta. Walikataa. Wenzao walipohukumiwa, Julai 30, umati ulijaribu kuwatoa mikononi mwa polisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu walikufa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Wakulima hao wa Kiembe Samaki, watu wa kawaida wenye majembe, ndio walioanzisha chama cha raia wa Sultani ambacho mwaka 1955 kiligeuka kuwa Zanzibar Nationalist Party, maarufu kama Hizbu. Baadaye chama hicho kilipata uongozi wa wasomi kama Ali Muhsin, na wapinzani wake wakakiita chama cha Waarabu. Kura zake nyingi hata hivyo zilitoka kwa Waafrika. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba yote yale yalikuwa Mwarabu kwa Mwafrika basi, amekupa nusu ya habari.

Kura moja moja

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957. Wapiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena waliotimiza masharti, na viti vilikuwa sita tu. Katika eneo la Ng'ambo, Abeid Karume wa Afro-Shirazi alipata kura 3,328. Ali Muhsin alipata 918. Hizbu haikupata hata kiti kimoja.

Kumbuka kura hupigwa kwa siri, lakini shambani siri hiyo haikumziba mtu macho. Baadhi ya wenye mashamba waliona wamedhalilishwa: mtu anakaa juu ya ardhi yangu, anakula mihogo yake humo bure, kisha anakwenda kumpigia kura adui yangu! Maskwota wakaanza kufukuzwa. Yale mapatano yasiyoandikwa yalikatika kwa maneno ya asubuhi moja, na mihogo ikiwa ardhini haijakomaa. Wengine waliambiwa wajiunge na Hizbu, la sivyo wahame.

Jibu likaja kupitia mfukoni. Wafuasi wa Afro-Shirazi waliacha kununua katika maduka ya Waarabu na kuanza kufungua ya kwao. Basi nalo likawa na chama. Mtu alisimama kando ya barabara na kikapu chake, basi likaja, akatazama ni la nani, akaliacha lipite na kuendelea kusubiri juani. Bandarini makuli wa upande mmoja walisukumwa nje na wa upande mwingine wakaingizwa. Kisha mambo yakaingia majumbani, mahali ambapo mahakama haifiki. Ndoa zilivunjika kwa sababu mke na mume hawakuwa wa chama kimoja. Watu walichagua msikiti wa kuswali kwa kuangalia nani yumo. Ndipo maziko yakasusiwa.

Jiulize ingekuwaje kwako. Wewe ni mama wa watoto watano katika kijiji kimoja nje ya mji. Duka lililo karibu ni la Mmanga, naye hukukopesha mpaka msimu wa karafuu. Duka la chama chako liko mbali nalo halikopeshi, kwa kuwa limeanza juzi na mtaji hauna nguvu. Mtoto analia njaa. Ukienda kwa Mmanga, kesho wenzako watajua. Usipokwenda, watoto watalala na nini? Siasa za zama zile hazikuwa hotuba za uwanjani tu. Zilikuwa kibaba cha mchele.

Magazeti yalichochea. Mwongozi la Ali Muhsin lilikuwa upande wa Hizbu, na Afrika Kwetu la Mtoro Rehani lilikuwa upande wa pili. Gazeti moja lilitosha watu wengi, kwa sababu aliyejua kusoma aliwasomea wenziwe barazani. Huyu aliandika kwamba watu wa bara ni wageni, hawana haki ya kuamua mambo ya kisiwa. Yule alijibu kwa kukumbusha utumwa. Na utumwa haukuwa hadithi ya kale: ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, kwa hiyo bibi wa miaka sabini mwaka 1957 alikuwa amezaliwa ungalipo. Neno kama hilo likitupwa barazani, kahawa haikunyweka tena.

Wapo waliojaribu kuzima moto. Septemba 1958 wanasiasa wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walikutana Mwanza wakaunda umoja wao, PAFMECA, na mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapatanisha Wazanzibari. Kamati ya uhuru iliundwa, kususia maduka na kufukuzana mashambani kukapungua. Kwa muda watu walipumua, lakini mapatano hayo hayakudumu.

Januari 1961 walipiga kura tena, safari hii wanawake nao wakiwemo. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu, ZPPP cha Muhammad Shamte ambacho nguvu yake ilikuwa Pemba, kikapata 3. Katika eneo la Chake Chake, Afro-Shirazi ilishinda kwa kura 1,538 dhidi ya 1,537. Kura moja! Nadhani wapo watu Chake Chake waliohesabu majina ya ndugu zao usiku kucha, wakitafuta ni nani aliyekuwa na homa siku ile. ZPPP ikagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kuunda serikali, ikabidi kurudia.

Marudio yalifanywa Juni 1, 1961. Fujo zilianzia vituoni mjini, zikatoka hadi mashambani, na zilipotulia watu 68 walikuwa wamekufa. Wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo Wamanga wa vijiduka vya shambani. Mwenye shamba la mikarafuu elfu alikuwa mjini, katika nyumba ya mawe. Mmanga alikuwa dukani mwake, mlango wa mbao na taa ya chemni, akizungukwa na watu waliokuwa na majina yao katika daftari lake la madeni. Askari waliletwa kwa ndege kutoka hapa Kenya kutuliza hali.

Pemba haikuwaka namna hiyo. Huko wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, midogo midogo, wakaoana na Waarabu, na Washirazi wengi walipiga kura upande wa ZPPP na Hizbu. Kisiwa ni kingine, mpangilio wa ardhi ni mwingine, na kura zikawa nyingine. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi kuliko habari zote za damu na ukoo.

Siku za mwisho

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio uliofunga mlango. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana mahali pamoja. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali, Shamte akiwa waziri mkuu. Mtu wa Ng'ambo alihesabu kwa vidole: sisi ni wengi, na tumeshindwa. Hesabu hiyo hakuna mwanasheria aliyeweza kumweleza akaridhika.

Serikali mpya ikafanya kosa ambalo hata leo najiuliza ni nani aliyelishauri. Iliwaachisha kazi polisi waliokuwa na asili ya bara, watu wa Tanganyika, Kenya na Nyasaland, wanaume waliofundishwa kutumia bunduki na kujua kila pembe ya maboma yale. Wengi walibaki Ng'ambo bila mshahara na bila nauli ya kurudi kwao.

Uhuru ulitolewa Desemba 10, 1963, siku mbili kabla ya wetu. Mwana wa kifalme Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, alihudhuria sherehe za Unguja kisha akaja Nairobi kushuhudia bendera yetu ikipandishwa. Hapa watu walilia kwa furaha. Kule nusu ya mji ilitazama bendera nyekundu ya Sultani Jamshid ikipandishwa na ikabaki imefumba mdomo.

Ilikaa mwezi mmoja na siku mbili. Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 12, 1964, maboma ya polisi ya Ziwani na Mtoni yalivamiwa, na asubuhi Okello, mtu wa Uganda aliyewahi kufanya vibarua hapa Kenya kabla ya kuvuka kwenda Pemba, alikuwa akitoa amri redioni kutoka Raha Leo. Jamshid aliondoka kwa meli, akakataliwa kushuka Mombasa, akaenda Dar es Salaam na kisha Uingereza. Huko aliishi zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 2020 alipoenda Oman. Alifariki Desemba 30, 2024.

Maelfu ya watu waliuawa katika siku zile, wengi wao Waarabu, na safari hii pia Wamanga wa shambani hawakuwa na pa kujificha. Walionusurika walisombwa kurudishwa Oman, nchi ambayo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengine walivuka kwenda Dar es Salaam na Mombasa wakiwa na nguo walizovaa, na mpaka leo ukiketi na wazee wa Mji wa Kale, Mombasa, hutakosa mwenye jamaa aliyekuja wakati huo. Maskwota nao, baada ya ardhi kutaifishwa, waligawiwa vishamba vya eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza waliruhusiwa kupanda mti wa kudumu.

Kuna jambo la kalenda ambalo halisemwi sana. Wiki ile ya Mapinduzi mfungo wa Ramadhani ulikuwa mlangoni. Mwezi uliandama siku chache tu baada ya Jumapili ile. Desturi ya pwani unaijua: magharibi ikikaribia, watoto hutumwa na sahani za futari zilizofunikwa kawa, hii ya kwa mama fulani, ile ya kwa bibi fulani, na sahani hairudi tupu. Katika vichochoro vingi vya Unguja mwaka ule mtoto angetumwa na sahani yake, akagonga mlango, akangoja, akarudi nayo nyumbani ikiwa bado ya moto.